Kuwatafuta Watoto Ambao Rejista Haiwaoni

Rejista ya shule humjua mtoto aliyefika. Asiyewahi kuletwa hana mstari, hana namba, hana hata alama ya utoro. Ndiyo maana shule inaweza kupeleka wilayani taarifa nzuri ya mahudhurio mwezi baada ya mwezi, na huku ng'ambo ya mto kuna kitongoji ambacho nusu ya watoto wake wanashinda na ng'ombe. Nimefundisha shule ya msingi katika Mkoa wa Simiyu kwa miaka mingi, na sehemu kubwa ya miaka hiyo nimekuwa pia mwalimu wa takwimu, yule anayekabidhiwa fomu kila zinapokuja na kuambiwa zinatakiwa kesho. Ninayoyaandika nimejifunza kwa kuzisoma takwimu hizo, na zaidi kwa kutembea kwenda kwenye kaya ambazo takwimu hazikuzitaja.

Simiyu ulitangazwa kuwa mkoa mwaka 2012, ila maisha ya watu wake ni ya siku nyingi: pamba, mahindi, mpunga mabondeni, na ng'ombe. Palizi inapoanza, mikono yote ya nyumbani inahesabiwa, ya watoto ikiwemo. Pamba ikipasuka kuanzia Mei, inahesabiwa tena. Ng'ombe hawana likizo. Mtu akifika kwetu na maneno ya kwamba wazazi wa huku hawapendi elimu, huwa namwomba akae msimu mmoja mzima kabla hajasema tena.

Kazi ya mwalimu wa takwimu, kama ilivyozoeleka, ni kujumlisha. Wavulana wangapi, wasichana wangapi, madawati, matundu ya vyoo, vitabu, ikama ya walimu. Kila asubuhi mwalimu wa darasa anaita majina na kuweka alama kwenye rejista ya mahudhurio, kisha idadi inaandikwa kwenye ubao ulio nje ya ofisi: waliopo, wasiopo, jumla. Mwisho wa mwezi zinajumlishwa tena. Namba inatoka shuleni kwenda kata, kutoka kata kwenda halmashauri, halafu mkoani, hadi inaingia kwenye kitabu cha takwimu cha taifa. Katika safari hiyo yote jina la mtoto linabaki shuleni. Ni sawa libaki, na nitaeleza kwa nini. Shida ni kwamba hata pale shuleni, namba ikishaondoka, hakuna anayerudi kulisoma jina.

Elimu bila ada ilipoanza Januari 2016, madarasa ya kwanza yalifurika. Ilikuwa furaha kubwa, na sitaki mtu anielewe vibaya: watoto wengi niliowafundisha wasingeingia darasani kama michango ile ya zamani ingebaki. Lakini ruzuku ya uendeshaji, shilingi 10,000 kwa mwanafunzi kwa mwaka, hufuata idadi ya wanafunzi, na jina likishaingia kwenye rejista halitoki kwa urahisi. Mtoto aliyehama na wazazi wake kwenda Katavi aliendelea kuhesabiwa Simiyu. Mwaka huohuo wa 2016 ukafanyika uhakiki wa wanafunzi hewa nchi nzima, na majina yakafutwa. Kilichoniuma ni swali ambalo halikuulizwa. Baadhi ya majina yaliyofutwa yalikuwa ya watoto wa kweli, wenye mama na baba, waliokuwa wameacha kuja. Waliitwa hewa, wakatolewa, na hesabu ikawa safi. Wao walikuwa wapi?

Aliyenifundisha kusoma rejista ni mwalimu mkuu aliyehamishiwa kwetu baadaye, mama mtulivu aliyekuwa amefundisha Meatu miaka mingi. Siku moja alinikuta najumlisha, akavuta kiti, akaweka kidole kwenye jina moja na kukisogeza kwenda kulia, siku baada ya siku. "Mwalimu," akaniuliza, "huyu kila Alhamisi anakuwa wapi?" Nilikuwa nimezoea kushuka na safu hadi kwenye jumla, na sikuwa na jibu. Alhamisi ni siku ya mnada kwetu. Yule mvulana, na wenzake wa darasa la nne na la tano, walikuwa wanaswaga ng'ombe kwenda mnadani na kurudi usiku. Ijumaa wanachelewa, au hawaji. Kwa mwezi mtoto anapoteza siku nyingi, lakini asilimia ya shule haitikisiki.

Tulipoendelea kusoma hivyo, jina kwa jina, mengine yakajitokeza. Wasichana wa vitongoji viwili walikuwa wanakosekana kwa pamoja, siku zilezile, kati ya Februari na Aprili. Hizo ndizo siku za mto kujaa. Wasichana wakubwa walikuwa na pengo la siku tatu nne karibu kila mwezi, na shule yetu wakati huo ilikuwa na vyoo visivyo na milango ya kufunga wala mahali pa kunawa. Wadogo wa awali walipungua mvua zikichelewa na chakula kikiwa kidogo nyumbani, wakarudi wazazi walipochangia mahindi na uji ukapikwa. Kwa macho ya fomu, hao wote ni kitu kimoja: watoro. Kwa macho ya rejista iliyosomwa vizuri, huyu anazuiwa na mnada, huyu na mto, huyu na mlango wa choo, huyu na njaa. Ukiwatendea wote kama watoro utawapoteza wote.

Pengo lililotusumbua zaidi lilikuwa la aina nyingine. Mtoto anakosa siku mbili. Kisha badala ya kurudi siku ya tatu, anakosa wiki. Kisha mwezi. Ukimfuata unaambiwa hataki shule. Tulichukua muda kuelewa, kwa sababu watoto wenyewe hawakusema mbele ya wazazi, na wazazi hawakusema mbele yetu. Aliyesema ni bibi mmoja, tena kwa upole: mjukuu wake alikwenda kuchunga siku mbili kwa sababu baba yake alikuwa anaumwa, na siku ya kurudi alifika karibu na shule akaona mwalimu wa zamu amesimama na fimbo, akageuka. Kesho yake deni lilikuwa siku tatu. Keshokutwa nne. Kila siku aliyokaa nyumbani iliongeza adhabu aliyoitarajia, mpaka kurudi kukawa jambo la kutisha kuliko kuacha kabisa.

Kanuni za mwaka 2002 kuhusu adhabu ya viboko zinasema visizidi vinne, vitolewe na mwalimu mkuu au mwalimu aliyeruhusiwa naye, na viandikwe kwenye kitabu. Kila aliyesoma shule za kwetu anajua umbali uliopo kati ya kanuni hizo na fimbo ya asubuhi. Utoro wa siku mbili ulioletwa na ng'ombe ulikuwa unageuka utoro wa mwezi mzima ulioletwa na fimbo. Na mapengo hayo yalionekana wazi kwenye rejista mara tulipojua cha kutafuta: siku mbili, tatu, halafu kimya kirefu.

Mwalimu mkuu akaitisha kikao. Akapendekeza kwamba mtoto anayerudi, awe amekosa siku moja au mwaka, asiadhibiwe na mtu yeyote. Apokelewe na mwalimu wa malezi, wa kike au wa kiume kama mtoto anavyotaka, aulizwe kilichomkuta, apewe kiti, apewe mwenzake wa kumwonyesha walipofika. Basi. Kikao kilikuwa kirefu. Mwalimu mmoja mkongwe, mtu ninayemheshimu mpaka leo, alisema, "Sisi tulichapwa, na tukasoma." Mwalimu mkuu akamjibu kwa adabu, "Mzee, wanaosema hivyo ni wale waliosoma. Waliokimbia hawapo kwenye kikao hiki." Hapo ndipo mambo yalipogeuka. Yule mzee hakukubali siku ile. Lakini muhula uliofuata, zamu yake ilipofika, alikuja bila fimbo.

Nimeulizwa na walimu wa shule nyingine kama nidhamu haikuporomoka. Haikuporomoka. Kilichobadilika ni kwamba mapengo yalikuwa mafupi. Mtoto wa mnada aliendelea kukosa Alhamisi, ila Ijumaa aliweza kuja, hata saa nne. Hilo likatupa nafasi ya kuzungumza na baba yake kama mzazi wa mwanafunzi tuliye naye, na mazungumzo ya aina hiyo ni mepesi sana kuliko yale ya kumrudisha mtoto aliyekwisha ondoka. Kwa uzoefu wangu, jambo la kwanza la usalama shuleni ni kwamba mtoto asiiogope shule yenyewe, na hilo linatangulia uzio na geti.

Basi hao ni waliokuwa kwenye rejista. Wale wasiokuwamo kabisa walihitaji madaftari ya watu wengine.

Mwenyekiti wa kitongoji ana daftari la wakazi. Wengine wanaliandika vizuri, wengine wanaliacha mpaka uchaguzi ukaribie, lakini lipo. Zahanati nayo ina rejista ya chanjo. Mtoto aliyechomwa ya surua na rubela akiwa na miezi tisa, akarudi ya pili akiwa na miezi kumi na minane, miaka mitano au sita baadaye anatakiwa awe kwenye uandikishaji wetu. Wazo lilikuwa rahisi: waliochanjwa katika kitongoji hiki mwaka ule ni wangapi, na walioandikishwa leo kutoka hapohapo ni wangapi?

Tulipokwenda zahanati, muuguzi alikataa kutupa rejista. Mwenzangu alikasirika kidogo. Mimi nilimshukuru, na namshukuru hadi leo. Alisema daftari lile lina mambo ya akina mama ambayo hayatuhusu, na mama akisikia kwamba jina lake limetoka zahanati kwenda kwa walimu, mimba ijayo hatakuja kliniki. Akatupa kitu kingine: idadi tu, kwa kitongoji na kwa mwaka wa kuzaliwa, imeandikwa kwenye karatasi na kugongwa muhuri. Ilitosha kabisa. Vitongoji vitatu havikutofautiana sana na uandikishaji wetu. Cha nne, kile cha ng'ambo ya mto, kilikuwa na watoto wengi waliochanjwa na wachache mno walioandikishwa. Hatukuhitaji jina la mtu hata mmoja kujua pa kwenda.

Tulikwenda kwanza kwa mwenyekiti, halafu na mwenyekiti kwa wazee, halafu kaya kwa kaya. Tulikuwa tumeambiwa siku zote kwamba watu wa kule ni wagumu. Tulichokikuta ni akina mama waliotueleza njia ya shule vizuri kuliko tulivyoijua sisi: mahali mto unapokatiza, kichaka ambacho bodaboda husimama, sehemu ambayo msichana mmoja alivutwa mkono miaka ya nyuma na kesi ikaishia kwa ng'ombe wawili. Walikuwa wamepima wakaamua. Mtoto wa miaka saba asivuke. Wa kike wa miaka kumi na mbili asipite peke yake. "Mwalimu," mama mmoja akaniambia, "wewe wako angepita pale?" Nami nina watoto. Sikuwa na la kumjibu isipokuwa kweli, kwamba asingepita.

Kutoka hapo kazi ikawa ya njia kuliko ya kuhamasisha. Serikali ya kijiji ilisafisha kichaka. Watoto wakapangwa kutembea kwa makundi, kila kundi na mkubwa wake, na mzazi mmoja kwa zamu anasindikiza mpaka kivukoni. Jina la mzazi wa zamu linajulikana shuleni, na kundi lisipofika saa mbili simu inapigwa. Madereva wa bodaboda wa kijiweni waliitwa na mtendaji wa kijiji wakaandikishwa, kila mmoja na namba ya pikipiki yake, na wakaambiwa waziwazi habari ya sheria ya elimu iliyorekebishwa mwaka 2016: kumpa mwanafunzi mimba au kumwoa ni kifungo cha miaka 30. Baadhi yao ndio waliokuwa wa kwanza kutupigia simu walipoona mtoto anapelekwa asikotakiwa kwenda. Nasema hivi kwa sababu bodaboda wamezoea kusemwa wote kwa pamoja.

Lakini mto ni mto. Kwa wadogo, jawabu lilikuwa shule shikizi, darasa la karibu ambalo watoto wa awali na wa madarasa ya chini wanasomea mpaka wapate nguvu za kutembea. Nchi ilijenga madarasa 3,000 ya shule shikizi kwa fedha za mkopo wa UVIKO-19 kuanzia mwaka 2021. La kwetu lilianza na nguvu za wananchi, chini ya paa la makuti, na karatasi ile yenye muhuri wa zahanati ndiyo tuliyoibeba kwenda kuombea mwalimu. Ombi la kawaida huandikwa "watoto ni wengi". Letu liliandikwa idadi, mwaka wa kuzaliwa, umbali na miezi ya mto kujaa. Mwalimu alipatikana.

Sasa nifike kwenye majina, jambo nililosema nitaeleza.

Katika kijiji kimoja, sicho chetu, kiongozi alisoma orodha ya wasichana walioacha shule kwa mimba kwenye mkutano wa hadhara. Nina hakika alidhani anapiga vita mimba za utotoni. Orodha ilikuwa imetoka shuleni. Msichana mmoja kwenye orodha hiyo hakuwa na mimba. Alikuwa ameacha shule kwa sababu ya mtu wa ndani ya familia aliyekuwa anamsumbua, na mwalimu aliandika alichodhani. Wiki hiyohiyo alipelekwa kwa ndugu mkoa mwingine. Mwingine, ambaye kweli alikuwa mjamzito, alifungiwa ndani. Hakuna aliyerudi shuleni. Takwimu zinazokusanywa ili kumsaidia mtoto zinaweza kumfikisha pabaya kuliko mahali alipokuwa, na hilo halihitaji mtu mwenye nia mbaya; linahitaji daftari lililoachwa mezani.

Kwa hiyo sisi tuna madaftari mawili. Daftari la ufuatiliaji linakaa ofisini na kila mwalimu analiona: namba ya mtoto, darasa, kitongoji, siku ya mwisho aliyoonekana, sababu kwa neno moja la jumla kama kazi, umbali, ugonjwa, hofu, na nani anakwenda lini. Jina halimo. Daftari la pili lina majina na maelezo, na linakaa kwenye kabati lenye kufuli. Ufunguo uko kwa mwalimu mkuu na kwa mwalimu wa malezi wa kike. Kamati ya shule inapewa idadi na sababu za jumla. Mtendaji anapewa jina pale tu anapotakiwa kufanya jambo kwa ajili ya mtoto huyo. Mambo ya ukatili hayapiti kwenye kamati kabisa. Yanakwenda kwa afisa ustawi wa jamii na dawati la jinsia na watoto la polisi, na watoto wote wanaijua namba 116, ambayo kuipiga ni bure. Tumeibandika ndani ya mlango wa choo cha wasichana na cha wavulana, mahali ambapo mtoto anaweza kuisoma bila mtu kujua anasoma nini.

Kwenda nyumbani kwa mtoto nako kuna adabu yake. Tunakwenda wawili, mmoja mwanamke. Hatuendi usiku. Hatuendi na mgambo wala sungusungu mara ya kwanza, kwa sababu wakitangulia hao, mlango unafunguka na moyo unafungwa. Tunasalimia kwanza kwa Kisukuma, mwangaluka, tunakaa tunapokaribishwa, tunauliza mvua na mifugo, na swali la mtoto linakuja baadaye. Hatumuulizi mtoto kilichomtoa shule mbele ya watu wa nyumbani. Anayemuumiza anaweza kuwa ndiye aliyekuletea kigoda. Tunamwomba atusindikize mpaka njiani, na huko njiani mara nyingi ndiko maneno yanakopatikana.

Wapo wanaoamini katika kuwashitaki wazazi, na sheria inaruhusu. Nimeona ikisaidia katika kaya chache ambako baba alikuwa amekwisha pokea mahari. Kwa nyingine zote, nimeona mtoto akija wiki moja na sare mpya halafu familia nzima inahama. Sipendi kuanza na mahakama.

Kuhusu wasichana waliojifungua, tangazo la tarehe 24 Novemba 2021 la kuwaruhusu kurudi, na Waraka wa Elimu Na. 2 wa mwaka huo, vilibadilisha kazi yetu kuliko jambo lolote ninalolikumbuka. Kabla ya hapo mwalimu akigundua mimba alikuwa anafunga jalada. Sasa analifungua. Ila waraka haumfikii msichana peke yake. Wengi hawakujua, na waliojua waliogopa kuchekwa. Tuliporudi kwenye rejista za nyuma kutafuta waliotoka kwa sababu hiyo, tulifuata utaratibu uleule wa kimya: mwalimu wa malezi wa kike peke yake, anazungumza kwanza na mama wa msichana, halafu na msichana mwenyewe, na kama bibi yupo anaulizwa nani atakaa na mtoto mchanga. Mmoja alikubali kurudi kwa sharti moja tu, asikae dawati la mbele. Alipewa la nyuma karibu na dirisha. Mwingine alichagua cherehani, na hilo nalo tuliliheshimu na kumwelekeza panapofundishwa.

Waliokua bila kusoma wana MEMKWA, mpango wa elimu kwa walioikosa, ambao kwetu ulikuwa umelala na tukauamsha kwa darasa moja la mchana, baada ya ng'ombe kunywa maji. Mpango huo unastahili fedha na walimu zaidi ya unavyopata. Mvulana wa miaka kumi na mitatu hakai darasa la kwanza na watoto wa miaka saba. Ukimlazimisha umempoteza mara ya pili.

Fomu za TASAF, mfuko wa serikali unaozisaidia kaya maskini, nazo zinahusika, kwa kuwa kaya inayopata ruzuku hutakiwa mtoto wake ahudhurie angalau asilimia 80. Zilitusaidia kuona kaya zenye shida kubwa. Lakini mwalimu anayejaza fomu hiyo ajue anaamua chakula cha watu. Mtoto akishuka chini ya hapo, sisi huenda nyumbani kabla ya kuipeleka fomu.

Kuna watoto ambao hakuna daftari lililowaonyesha: si la kitongoji, si la zahanati, si letu. Ni watoto wenye ulemavu, na watoto wenye ualbino. Kanda yetu ya Ziwa imeona mauaji ya watu wenye ualbino, na mzazi anayemficha mtoto wake ndani ya nyumba hafanyi hivyo kwa kumchukia. Anamlinda kwa njia pekee anayoijua. Wengine walipelekwa mbali, kwenye vituo kama Buhangija kule Shinyanga, wakakua bila mama. Watoto hawa tuliwapata kwa njia moja tu, watoto wenzao. Mtoto akikuamini atakuambia nyumba fulani kuna mtu hatoki. Na ukishajua, unanyamaza. Huandiki popote mahali anapoishi mpaka mzazi, ustawi wa jamii na polisi wamekubaliana atasafiri vipi, na nani, na atapokelewa na nani. Kuna mtoto mmoja ambaye tulikaa karibu mwaka mzima tukijua alipo bila kumwandikisha, kwa sababu njia yake ilikuwa haijawa salama. Takwimu zetu mwaka ule zilionyesha pengo. Tuliliacha lionekane.

Vishikwambi vya Sensa ya mwaka 2022 vilipogawiwa kwa walimu, baadhi yetu walidhani kazi imekwisha. Vinasaidia, hilo sikatai. Taarifa inafika siku hiyohiyo na makosa ya kujumlisha yamepungua. Lakini kishikwambi chenye majina, kisicho na nywila, kinachotumiwa na watoto wa mwalimu kuangalia katuni jioni, ni lile daftari lililoachwa mezani. Tumekubaliana: nywila, na picha za watoto tunaowafuatilia hazitumwi kwenye kundi la WhatsApp, hata la walimu. Tena hakuna programu inayoshinda simu ya siku ileile. Mtoto asipoonekana asubuhi, mzazi anapigiwa kabla ya saa nne. Wazazi wengi wanashtuka kwa sababu walijua ametoka nyumbani.

Wanaotushinda ni wale wa ng'ombe wanaohama. Malisho yakikauka, familia inaondoka na mifugo kuelekea Katavi, Morogoro, Lindi, na mtoto anatoweka katikati ya muhula. Kwa utaratibu, uhamisho unafanyika kwenye mfumo wa PReM wa Baraza la Mitihani, na kila mtoto ana namba yake humo. Kwa uhalisia wa maisha, baba haagi shule anapoondoka. Anaogopa ataambiwa asubiri, na ng'ombe hawasubiri. Kwa hiyo tumeanza kuandika namba ya PReM ya mtoto kwenye kadi ndogo, pamoja na simu ya shule, na kumpa mama, kwa sababu mama ndiye anayebeba kadi za kliniki na hazipotezi. Mara kadhaa simu imeita kutoka mbali: mwalimu wa shule nisiyoijua anasema ana mtoto hapa, mama yake ameleta kadi. Tunakamilisha uhamisho siku hiyo. Wengine wengi hawajapiga. Kwenye daftari letu la ufuatiliaji bado tunawaandika "hajulikani alipo", hatufuti, na kila mnada unapokuja kuna mwalimu anayekwenda kuwauliza wafanyabiashara wa ng'ombe waliotoka kusini kama wamewaona watu wa kwetu, na wameweka kambi wapi.